Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Fomu ya Ruzuku, Uliza Ukingo ni wa Nani

Tangu mvua za masika zianze, barua za wasomaji zimekuwa zikirudia ombi lile lile: tuonyeshe mlango wa kubisha ili tupate fedha za umma za kulinda kingo za mito na fuo, au za kuwafikishia watu maji. Nimechagua barua tano, nikazifupisha bila kugeuza maana. Ninaposema ruzuku nakusudia fedha zinazotolewa na serikali au chombo cha umma kwa kazi iliyotajwa, ambazo hazirejeshwi mradi kazi imefanyika kama ilivyoandikwa. Fedha za kurejesha, hata zisipokuwa na riba, ni mkopo, na hazimo katika safu ya mwezi huu.

"Kwa Mshauri. Sisi ni kikundi cha vijana 22 tunaoishi Mukuru, kando ya Mto Ngong. Tangu gharika ya mwaka wa 2024 tumekuwa tukizoa taka ukingoni kila Jumamosi, tumepanda mianzi, na sasa tunataka kupanga mawe ya kuzuia mmomonyoko, kuweka njia ya miguu na viti, na kujenga kioski cha maji papo hapo ili kikundi kipate cha kujiendeleza. Tumetuma maombi mawili ya ruzuku kwa afisi tofauti, na yote yamekataliwa kwa mistari miwili isiyoeleza chochote. Tumekosea wapi?" — Mwenyekiti wa kikundi, Mukuru

Bwana Mwenyekiti, sijayaona maombi yenu, kwa hivyo nitasema yale tu ambayo barua yenyewe inayafichua, nayo yanatosha. Kosa la kwanza ni kwamba mmepika vyakula viwili katika chungu kimoja. Kuzuia mto usile ukingo ni kazi ya kutunza rasilimali ya maji, ilhali kuuza maji safi kwa mtungi ni huduma ya maji. Sheria ya Maji ya mwaka wa 2016 imezitenga kazi hizi mbili, ikaiweka ya kwanza mikononi mwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ya pili mikononi mwa kaunti na kampuni za maji zenye leseni, ambazo husimamiwa na Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji. Hazina ya Sekta ya Maji, ambayo ndiyo chombo cha umma kinachotoa ruzuku chini ya sheria hiyo kwa ajili ya maeneo yaliyoachwa nyuma, hugharimia kazi zote mbili, ila kwa milango tofauti, na ombi linalotaka kupita milango yote miwili kwa wakati mmoja hukwama kizingitini.

Mlango wa mto ni jumuiya ya watumiaji wa rasilimali za maji, yaani chama cha watu wanaotumia maji ya kijito kimoja au wanaopakana nacho. Kabla ya kupewa fedha, jumuiya huandaa mpango wa kutunza eneo lote linalomwaga maji katika kijito hicho, tangu juu hadi chini. Si lazima muunde chama kipya. Ulizeni katika afisi ya Mamlaka kama kuna jumuiya iliyosajiliwa kwa sehemu yenu ya Mto Ngong, mjiunge nayo, kisha mpiganie ukingo wenu uandikwe katika mpango wake. Kikundi kinachokwenda peke yake hufanana na mgonjwa anayetaka atibiwe kidole ilhali homa imeenea mwili mzima, maana taka mnazozoa Jumamosi ziliteremka Ijumaa kutoka mitaa ya juu. Mlango wa kioski, kwa upande mwingine, haufunguliwi na kikundi kamwe, kwa sababu mijini ruzuku ya aina hii hupitia kwa kampuni ya maji yenye leseni. Kazi yenu ni kuishawishi kampuni iliingize eneo lenu katika ombi lake, na kuandikiana mapema ni nani atakayekiendesha kioski na fedha za mauzo zitagawanywa vipi.

Kosa la pili ni mahali, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililowaangusha. Kanuni za mwaka wa 2009 za kusimamia ardhi oevu, kingo za mito na fuo zinataka ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 ulindwe kila upande wa mto, ukipimwa kwa kuzingatia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko yaliyowahi kurekodiwa. Baada ya maji kuua watu na kuzoa nyumba mwaka wa 2024, serikali iliwaamuru watu waondoke katika mita 30 za kingo za mito ya Nairobi, na matingatinga yakapita Mathare na Mukuru kwenu. Afisa anayeona katika mchoro wenu kioski cha mabati kikiwa hatua kumi kutoka mtoni hawezi kukitia sahihi, hata akiwapenda namna gani, kwa kuwa atakuwa amelipia kwa fedha za umma jengo ambalo umma huo huo unaweza kulibomoa kesho. Kirudisheni kioski nyuma, karibu na barabara. Miti, nyasi na njia ya udongo vibaki ukingoni.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo vikundi vingi hulikwepa: ardhi hiyo ni ya nani? Mto wenyewe ni ardhi ya umma kwa mujibu wa Kifungu cha 62 cha Katiba, lakini ukanda wa pembeni unaweza kuwa ndani ya hati ya mtu binafsi, au ndani ya ardhi iliyotengwa kwa reli, barabara au nyaya za umeme, na mwenye ardhi akipinga baada ya fedha kutoka, aliyezitoa ndiye atakayejibu mbele ya mkaguzi wa hesabu. Kwa hiyo karatasi ya kwanza katika faili yenu isiwe bajeti. Iwe barua ya mwenye ardhi, au ya chombo cha umma kinachoisimamia, ikikubali kazi ifanyike na ikitaja miaka. Barua ya chifu ni nzuri, ila inathibitisha ninyi ni nani. Haithibitishi ardhi ni ya nani.

Kuhusu mawe, ninawashauri msianze nayo. Mawe yaliyofungwa katika vizimba vya waya yanabadili mwendo wa maji, hivyo yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji pamoja na tathmini ya mazingira inayokaguliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na malipo ya mtaalamu wa tathmini yanaweza kumeza ruzuku ndogo nzima kabla jiwe moja halijapangwa. Mimea haina gharama hiyo. Picha za ukingo ule ule zilizopigwa mahali pale pale kabla na baada ya mvua, zikiwa na tarehe, zitawafaa mbele ya mtoa ruzuku kuliko kurasa kumi za maneno matamu.

Mlango wa tatu uko karibu zaidi, katika wadi yenu. Mpango wa kitaifa unaoitwa FLLoCA, unaoendeshwa na Wizara ya Fedha kwa msaada wa Benki ya Dunia na nchi wafadhili, hupeleka fedha za mabadiliko ya tabianchi katika kaunti, na kamati za wadi ndizo zinazopendekeza miradi. Wazo hili halikuzaliwa Nairobi. Kaunti ya Makueni ilikuwa imeshatunga kanuni zake mwaka wa 2015, ikitenga asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo kwa kazi za aina hii, na miradi mingi iliyochaguliwa na wananchi huko, kama mtu angetarajia, ilikuwa ya maji. Angalieni kalenda: mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa kaunti wa mwaka unaofuata huwasilishwa kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Anayemfuata mwakilishi wadi mwezi wa Juni akiwa na pendekezo mkononi amefika arusini sufuria zikioshwa.

Na hayo majibu ya mistari miwili msiyakubali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inaitaka afisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21. Andikeni kwa adabu mkiomba nakala ya vigezo na alama mlizopewa.

"Ndugu Mshauri. Kikundi chetu cha akina mama kimeambiwa na bwana mmoja kwamba anaweza kutuandikia pendekezo na kulipitisha, tukimpa shilingi 15,000 mwanzo na asilimia 10 ruzuku ikitoka. Anasema ndivyo mambo yanavyokwenda. Tumlipe?" — Mweka hazina, Kariobangi

Msimlipe. Kumlipa mtu akusaidie kuandika ni jambo la halali, kama unavyomlipa karani akuchapie barua, na bei yake hujulikana kabla ya kazi. Kulipia pendekezo "lipitishwe" ni kununua uamuzi wa afisa wa umma, na sheria haimwoni mnunuzi kuwa tofauti sana na muuzaji. Hiyo asilimia 10 haiwezi kuandikwa popote katika hesabu za mradi, hivyo mtalazimika kughushi risiti ili kuifidia, na mkaguzi akifika ni jina lako, mweka hazina, litakalokuwa chini ya ukurasa. Bwana huyo hatakuwapo. Nimesoma mapendekezo mengi yaliyoandikwa na watu wa namna yake, na nusu yake hayataji hata jina la mto.

"Mshauri wetu. Mtaani kwetu kioski cha maji kilijengwa kwa ruzuku na kikazinduliwa kwa ngoma na kanga mpya. Leo mfereji wake unatoa maji siku mbili kwa juma, na siku zilizobaki tunanunua kwa mkokoteni, shilingi 30 kwa mtungi wa lita 20 ambao pale kioski tungeupata kwa shilingi 5. Ruzuku hizi zina faida gani kama maji yenyewe hayapo?" — Mama wa watoto wanne, Kayole

Mama, swali lako ndilo ambalo watoa ruzuku wangepaswa kujiuliza kabla ya kukata utepe. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, wala hakisemi haki ya kioski. Lakini ruzuku, kwa jinsi zilivyoumbwa, hupenda kitu kinachoweza kupigwa picha, nayo saruji hupigwa picha vizuri kuliko maji yanayopita ndani ya bomba.

Ili kuelewa kwa nini mfereji wenu umekauka, inabidi tutoke Kayole twende Murang'a. Sehemu kubwa mno ya maji ya Nairobi, yapata asilimia 85, hutoka katika bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka wa 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Jiji limekua, bwawa halijakua, na tangu mwaka wa 2017 wakazi wamezoea ratiba ya mgao. Mtaro wa chini ya ardhi wa kilomita 11.8, unaokusanya maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaleta Ndakaini, ulikusudiwa kuongeza mita za ujazo 140,000 kwa siku. Hata hivyo, maji yakiongezeka chanzoni hayafiki kwenu kwa sababu hiyo tu, kwa kuwa lazima pia yatibiwe, yahifadhiwe na yasukumwe katika mabomba ambayo mengine ni ya zamani na mengine yametobolewa na wauzaji wa njia za mkato. Mtaa ulio mwisho wa bomba ndio unaokauka kwanza.

Kuna ruzuku ambayo kioski chako kinaitegemea bila wewe kuijua, nayo hailipwi Kayole. Mashamba ya miteremko ya Aberdare yakilimwa bila matuta, mvua hubeba udongo hadi mtoni, na udongo huo hupunguza nafasi ya maji bwawani na kuongeza gharama ya kuyasafisha. Ndiyo maana mwaka wa 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, unaokusanya fedha za mashirika ya umma, kampuni na wahisani, ukawasaidia wakulima wa huko juu kuchimba matuta, kupanda nyasi za mabingobingo kingoni mwa mito na kutengeneza vidimbwi vya kuvunia mvua. Mkulima anapata malisho na udongo wake unabaki shambani, na mlaji wa maji aliye kilomita nyingi chini anapata maji yasiyo na tope. Nakiri kwamba napenda mfumo huu kuliko vioski kumi vya kuzinduliwa kwa ngoma, ijapokuwa hautamsaidia mtu anayetafuta mtungi jioni hii.

Kwa jioni hii, kamati ya mtaa ifanye mambo yafuatayo. Iiandikie kampuni ya maji kuomba ratiba ya mgao ya eneo lenu kwa maandishi, kwa sheria ile ile ya siku 21 niliyomtajia Mwenyekiti wa Mukuru. Ratiba ikiwa ni siku mbili kweli, basi tatizo ni kukosa hifadhi, na kioski kisicho na tangi kubwa kilijengwa nusu. Ombi la kuongezewa tangi la lita 10,000 ni dogo, linaeleweka, na hukubaliwa kwa urahisi kuliko mradi mpya. Ratiba ikiwa ni siku tano na ninyi mnapata mbili, kuna mtu njiani anayeyachepusha maji, nalo ni jambo la kampuni kuchunguza. Halafu muulizeni mwendeshaji wa kioski fungu la ukarabati liko wapi, kwa kuwa bei inayoidhinishwa na Bodi ya Kudhibiti inakusudiwa kufidia pia matunzo. Bomba likipasuka na hakuna hata shilingi elfu mbili za fundi, basi kila mtungi uliouzwa ulikuwa ukila mtaji.

"Kwa Mshauri. Ninasomea upangaji wa miji katika chuo kikuu hapa Nairobi. Katika masomo tunakutana na mipango ya nchi za nje ya 'kulinda ufuo na kuboresha ufikiaji wa maji', na mhadhiri wetu anaichukulia kuwa ni miradi ya visima na mabomba. Je, ndivyo? Na wenzetu hugawa vipi fedha hizo?" — Mwanafunzi, Nairobi

Sivyo, na ni vizuri umeuliza kabla ya kuandika tasnifu. Huku kwetu mtu akisema kufikia maji tunawaza mtungi. Katika mipango mingi ya Marekani, maneno hayo yana maana ya mtu kuweza kufika majini kwa miguu yake, aoge, avue, au akae tu atazame mawimbi, bila kuzuiwa na ua wa mwenye jumba la ufukweni.

Marekani ilitunga mwaka wa 1972 sheria ya usimamizi wa ukanda wa pwani, inayoyaruhusu majimbo ya baharini na ya Maziwa Makuu kujiunga kwa hiari. Jimbo likishatunga mpango uliokubaliwa na serikali kuu, linapewa ruzuku na kuongeza fungu lake, na sehemu ya fedha hizo inaweza kutumika kwa ujenzi mdogo wa kuwafikisha watu majini, kama vile njia za mbao juu ya matuta ya mchanga au gati la kuvulia. Kwa kuwa ni hiari, jimbo linaweza pia kujitoa, kama Alaska ilivyofanya mwaka wa 2011. Mpango wa pili ni Mfuko wa Hifadhi ya Ardhi na Maji, ambao sheria yake ilitiwa sahihi mwaka wa 1964 na ambao hupata fedha zake hasa kutokana na mafuta na gesi vinavyochimbwa baharini. Mwaka wa 2020 sheria nyingine iliuhakikishia dola milioni 900 kila mwaka. Katika tawi lake la majimbo, mfuko hulipa hadi nusu ya gharama, na mwombaji hutafuta nusu ya pili.

Sharti ambalo ningependa ulipigie mstari ni hili: ardhi iliyopata ruzuku ya tawi hilo inabaki kuwa ya burudani ya umma daima, na anayetaka kuigeuza matumizi lazima apate idhini na alete ardhi nyingine yenye thamani isiyopungua. Sharti hilo likitumika katika pwani yetu lingewakosesha usingizi watu wengi. Vijia vya kwenda baharini ambavyo babu zetu walivipita na nyavu begani vimezibwa na kuta za viwanja binafsi, ilhali Kifungu cha 62 kinasema wazi kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Ufuo ni wetu, na njia ya kuufikia imefungwa kwa kufuli.

Uholanzi ni mfano wa namna nyingine. Huko mafuriko ya mwaka wa 1953 yaliua watu 1,836, na nchi yenyewe isingekuwapo bila kuta za kuzuia maji, hivyo hakuna anayejaza fomu akitumaini bahati. Halmashauri za maji, ambazo baadhi ya mizizi yake ni ya karne ya 13, hupigiwa kura na wananchi na hutoza kodi zake zenyewe, na mradi wa kuimarisha kuta kuu hulipiwa nusu na serikali kuu na nusu na halmashauri hizo kwa pamoja. Utaona kwamba katika nchi zote mbili mpokeaji huja na fungu lake. Kikundi cha Nairobi hakina nusu ya fedha, lakini kina mikono. Siku ya kazi ikiandikwa katika daftari, ikawa na jina na sahihi, huhesabiwa na watoa ruzuku wengi kuwa mchango. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, unaofanya kazi Kenya tangu miaka ya 1990 na ambao kwa miaka mingi kikomo chake cha kawaida kwa kikundi kimekuwa dola 50,000, unakubali michango ya namna hii. Wapo vijana waliofanya kazi miaka mitatu bila kuandika hata siku moja.

"Assalaam alaikum. Mimi ni mstaafu niishiye South B, mzaliwa wa kijiji kimoja cha Kwale. Bahari imekula minazi ya marehemu baba na sasa iko karibu na makaburi. Vijana wa kijijini wanataka ruzuku ya kujenga ukuta wa mawe. Mimi nawaambia wapande mikoko. Tumegawanyika, nani ana haki?" — Mzee wa South B

Waalaikum salaam, na shikamoo mzee wangu. Naomba uniwie radhi nikikujibu kwa swali: kijiji chenu kiko ndani ya hori lenye tope na maji matulivu, au kimeelekea bahari wazi yenye mchanga na mawimbi? Kama ni bahari wazi, mikoko haitashika, na kila mche utakaopandwa utarudishwa ufuoni na kusi ya kwanza. Kama ni horini, wewe ndiye mwenye haki, na vijana watakuwa wakilipia kwa mamilioni kazi ambayo mti huifanya bure.

Ukuta si haramu. Mombasa ulijengwa kuilinda Fort Jesus, kwa kuwa ngome ya karne ya 16 haiwezi kuhamishwa wala kuzungushiwa mche. Hata makaburi ya wazee yana hoja hiyo. Lakini wimbi linalogonga ukuta halifi. Hurudi likiwa limebeba mchanga wa chini yake, na kwenye ncha za ukuta hugeuka na kula kwa jirani. Nimewahi kuona kijiji kikishangilia ukuta wake huku kijiji cha pili kikianza kuhesabu minazi, na mtoa ruzuku makini lazima aulize ukuta utaishia wapi na ni nani anayeishi hapo.

Mkichagua mikoko, swali la umiliki linarudi, na jibu lake ni la zamani: misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka wa 1932. Leo inasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu, na njia ya wanakijiji kushiriki ni chama cha misitu cha jamii, kinachotambuliwa na Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2016 na kinachotia sahihi mkataba na Shirika. Bila mkataba huo, hata anayepanda anapanda shambani mwa mwingine.

Huko huko Kwale, katika ghuba ya Gazi, watu wa Gazi na Makongeni walikwenda mbali zaidi ya ruzuku. Mradi wao wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko, na tangu mwaka wa 2013 umekuwa ukiuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo, ukiwa wa kwanza duniani kufanya hivyo kwa mikoko inayosimamiwa na jamii. Sehemu ya mapato ilikwenda katika maji ya kunywa na shule, kwa hiyo aliyelinda ufuo alipata mfereji. Usiwaambie vijana kwamba ni fedha za haraka, kwani nyuma ya mradi huo kuna utafiti wa miaka mingi wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi yenye kituo pale pale Gazi. Waende wakaone kabla ya kuandika lolote.

Watakapoandika, wasikubali bajeti inayohesabu miche iliyopandwa. Miti hii ina nafasi zake, na wazee wa Kwale mnazijua kuliko wataalamu wengi: mlilana hukaa mbele kupokea bahari, aina yenyewe iitwayo mkoko nyuma yake, kisha mkandaa na muia, na mchu huweza kusimama hata juu kabisa ambako maji hufika kwa nadra. Mche wa mkoko ukichomekwa mahali pa mlilana kwa sababu mbegu zake ndefu ni rahisi kuokota, hufa. Ruzuku igawanywe kwa awamu, na awamu ya mwisho ilipwe kwa miche iliyo hai baada ya kusi mbili kupita.